Demigod au Demilich? Kama una nafasi ya albamu moja tu ya deth metali ya Ufini

Kuna dogo mmoja tunakaa naye mtaa mmoja, yeye kaingia kwenye metali, ule muziki mzito wa magitaa ya umeme, kupitia Duma, wale jamaa wawili wa Nairobi waliotoa albamu yao 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Juzi jioni kaja kwangu kaniambia, "kaka shikamoo, nasikia Ufini kuna deth metali ya zamani nzito kinoma ambayo watu hawaisemi, nina bando la kushusha albamu moja tu wiki hii, nishushe ipi?" Nikamwambia marahaba, kaa chini kwanza, maana hilo swali sio la kujibu umesimama.

Kwa watu wengi jibu linakuja haraka, Demilich, bendi ya albamu inayoitwa Nespithe. Deth metali ni metali ya sauti za kunguruma na magitaa mazito, na ukiuliza ya Ufini popote utatajiwa Demilich, alafu Demilich tena, na kuna sababu nzuri ya kutajwa. Ila mi kila nikisikia hivyo roho inaniuma kidogo kwa sababu kuna albamu imetoka mwaka mmoja kabla, nchi ile ile, inafanya mambo makubwa bila mbwembwe yoyote na ndo maana imesahaulika, inaitwa Slumber of Sullen Eyes ya Demigod. Sasa niziweke hizi mbili pamoja uone mwenyewe ipi inakufaa, na msimamo wangu sitauficha.

Kwanza tusichanganye majina maana hata dogo alichanganya. Demigod wanatoka Loimaa, mji mdogo wa wakulima kusini magharibi mwa Ufini. Wameanza 1990, wakatoa demo, yaani rekodi ya majaribio, inaitwa Unholy Domain 1991, alafu 1992 ndo ikatoka Slumber of Sullen Eyes kwa lebo ndogo ya Uhispania iliyoitwa Drowned Productions. Demilich wanatoka Kuopio, mji wa maziwa, yale ya maji, huko ndani zaidi, nao wameanza 1990, wakapiga demo nne, alafu 1993 ikatoka Nespithe kwa Necropolis Records ya Marekani. Kwa hiyo ni vijana wa rika moja, kipindi kimoja, wote kwenye lebo ambazo hazikuwa na hela ya kuwatangaza.

Na hapo ndo pa kuelewa kwa nini hizi albamu zilizama. Ukitazama ule wakati, macho ya watu yalikuwa Florida kwanza, kule Tampa kwenye studio ya Morrisound ambako bendi kubwa zote zilikuwa zinapishana mlangoni, alafu Stockholm kule Sweden, ambako bendi ya Entombed walishatoa Left Hand Path 1990 na kila kijana alitaka gitaa lake lilie kama msumeno kwa kile kidude cha kukanyagia cha Boss HM-2. Ilipofika 1993 Norwe nayo ikaanza kuvuma na blaki metali, aina nyingine ya metali, na ile habari yake ya makanisa kuchomwa moto, magazeti yote yakageukia huko. Sasa wewe ni bendi ya Loimaa, CD yako inatoka Madrid, nani atakuona? Haikuwa shida ya muziki hata kidogo, walifika sokoni wakakuta wateja wameshahamia kibanda kingine.

Haya tuje kwenye sauti ya mwimbaji, maana hiki ndo kitu cha kwanza kumfukuza au kumvuta mtu.

Antti Boman wa Demilich anaimba na gitaa lake mkononi, na sauti yake sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine mpaka leo. Sio kunguruma kule kwa kawaida. Inatoka chini kabisa tumboni, kama mtu anacheua taratibu bila kuishiwa pumzi, kama chura mkubwa aliyejificha ndani ya kisima, na maneno yanayeyuka mule mule hata ukiwa na mashairi mkononi unapotea. Waliandika kabisa kwenye albamu kwamba sauti haikuwekewa mitambo yoyote, ni koo la binadamu tu. Mara ya kwanza nilipoisikia nilisimamisha nikaanza upya kuhakikisha faili halijaharibika. Ila ukizoea unagundua jamaa haimbi juu ya muziki, anaimba ndani yake, sauti yake inakuwa kama besi ya pili. Uzito wake uko hapo, na kasoro yake iko hapo hapo pia, haipandi wala haishuki. Dakika kama 39 za kamba moja ya sauti, kuna siku naimaliza nataka kuirudia na kuna siku naishia wimbo wa sita masikio yamechoka.

Esa Lindén wa Demigod yeye yuko chini pia, tena chini sana, ila sauti yake ina upepo. Fikiria mtu kainamisha kichwa ndani ya simtanki tupu anaongea polepole, ile sauti inazunguka mule ndani kabla ya kukufikia. Haina kioja chochote, hutamwita mtu aje aisikie ashangae. Lakini kuna huzuni ndani yake na hiyo huzuni haichoshi, inakaa nyuma kidogo ya magitaa kama vile haitaki kuonekana, na ukisikiliza usiku taa zimezimwa unaanza kuhisi anakuambia jambo. Mi kwenye sauti nawapa Demigod. Najua nitapingwa, ila kushangaza ni kitu kimoja na kugusa ni kitu kingine.

Magitaa sasa. Hapa Demilich ni noma, niseme ukweli wa Mungu. Kama ushawahi kutembea Mji Mkongwe kule Unguja bila mwenyeji, unajua inavyokuwa, unaingia uchochoro unadhani unaenda baharini, unakata kona, unakata nyingine, unaona mlango ule ule wa nakshi uliouacha dakika tano zilizopita, umepotea kabisa alafu ghafla unatokea uwanjani. Rifu za Demilich, yaani vile vipande vya gitaa vinavyojenga wimbo, zinaenda hivyo hivyo. Zinajikunja, hesabu ya midundo inabadilika pale ulipoanza kutikisa kichwa, noti mbili zinagombana alafu zinapatana mahali ambapo hukutegemea. Na hawachezi kwa kujionyesha kama bendi nyingi za ufundi zinavyofanya, hakuna solo ndefu za vidole kukimbia, kila kitu kiko kwenye rifu yenyewe na besi inasikika safi kabisa ikitembea njia yake. Wimbo wa kwanza, When the Sun Drank the Weight of Water, unatosha kukuonyesha, ukiupenda huo basi albamu nzima ni yako, ukikushinda usijilazimishe leo, rudi mwezi ujao.

Majina ya nyimbo zao nayo ni hadithi nyingine, kuna moja jina lake ni refu kuliko aya nzima, inahusu sayari iliyokuwa inakula nyama ili iwe mungu. Hata neno Nespithe lenyewe ni fumbo, ukizipanga upya herufi zake unapata maneno ya Kiingereza yenye maana ya uti wa mgongo. Mtu anayependa kuchimba chimba vitu atafurahi hapa wiki nzima.

Demigod hawakupotezi. Wao wanakubeba. Magitaa yamelegezwa nyuzi mpaka chini, mlio wake ni mzito ila sio ule wa msumeno wa Stockholm, ni mnene zaidi na una ukungu ukungu hivi, kama kuangalia shamba alfajiri wakati umande haujaondoka. Wanaanza na kitangulizi kifupi, Apocryphal, kinanda kinatandika hali, alafu As I Behold I Despise inaingia na kuanzia hapo ni kama umekaa nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi, hujui dereva ni nani ila hushuki. Kinachoniua mimi ni namna wanavyotoka kwenye kasi kwenda kwenye mwendo wa polepole. Bendi nyingi za wakati ule zilikuwa zinakata tu, paa, kasi imeisha, polepole imeanza, unasikia kabisa pale walipounganisha vipande viwili. Demigod wanashuka kama mtu anayeshuka ngazi na mzigo kichwani, taratibu, na ukija kustuka uko chini kabisa na juu yako magitaa mawili yanalia pamoja melodi moja ya huzuni ambayo utaiimba ukioga kesho yake. Ndio, utaiimba, deth metali ya kuimba ukioga, na hakuna mahali wamelainisha muziki ili uwe hivyo.

Hilo ndo jambo ninalotaka watu walielewe kuhusu hii albamu. Watu wakisikia neno melodi kwenye deth metali wanawaza zile bendi za baadaye za Gothenburg, Sweden, zilizokuja na magitaa yanayong'aa na viitikio vya kuimbika. Demigod walikuwa na melodi kabla ya hiyo habari kushika moto na hawakuipaka rangi, imebaki na matope yake. Sikiliza Tears of God, alafu sikiliza Towards the Shrouded Infinity ambayo iko huko mwishoni mwishoni ambako wengi hawafiki, uniambie kama hukusimama kufanya ulichokuwa unafanya.

Dramu sitakaa sana. Seppo Taatila wa Demigod anajua lini asipige, na hicho ni kipaji. Mikko Virnes wa Demilich ana kazi ngumu zaidi maana kufuata zile kona za magitaa bila kuanguka sio mchezo, na anafuata kama vile anatembea barabara iliyonyooka. Wote wako vizuri, usichague albamu kwa dramu.

Kasoro za Demigod nazo nizitaje, maana nikizificha utanidai. Katikati ya albamu kuna nyimbo mbili tatu zinafanana, ukiwa unafanya kazi nyingine huku unasikiliza unaweza usijue moja imeisha na nyingine imeanza. Besi imefunikwa. Na kama unasikiliza kwa spika ya simu, sahau, ule ukungu niliousifia hapo juu unageuka kelele tupu na utakuja kuniuliza nilichokuwa nasifia ni nini. Hii albamu inataka hedifoni nzuri au sabufa, tena sabufa usiifungulie besi yote, iache katikati ili magitaa ya juu yapumue. Nespithe kwa upande huo ni rafiki zaidi, imerekodiwa kavu, kila chombo kina nafasi yake, hata kwa vispika vya bei rahisi vya masikioni kwenye daladala unasikia karibu kila kitu.

Suala la kupatikana, ambalo kwa dogo mwenye bando la wiki sio dogo. Demilich waliamua miaka mingi iliyopita kuweka muziki wao kwenye tovuti yao watu wachukue bure, kitu ambacho nawaheshimu nacho mpaka kesho, kwa hiyo Nespithe unaipata bila kumwibia mtu na bila kadi ya benki. Na 2014 Svart Records ya huko huko Ufini ikatoa mkusanyiko unaoitwa 20th Adversary of Emptiness, ndani yake kuna Nespithe, demo zao na nyimbo walizorekodi baadaye, kwa mtu wa kukusanya santuri hiyo ndo ya kutafuta. Demigod nao wameshughulikiwa, Xtreem Music ya Uhispania, yule yule mzee wa lebo ya mwanzo aliyeendelea chini ya jina lingine, ilirudia Slumber of Sullen Eyes na kuibandika na demo ya 1991. Ipo pia kwenye programu za kusikilizia muziki. Tahadhari moja tu, ukitafuta Demigod utakutana na Shadow Mechanics ya 2002, hiyo ni kitu kingine kabisa, ya kisasa zaidi, ile hali ya 1992 haimo. Usianze na hiyo ukaja kusema Demigod hawana lolote.

Sasa nani achukue ipi.

Kama wewe umetokea kwenye muziki wa hesabu hesabu, unapenda jazi, unapenda kitu ambacho ukisikia mara kumi bado hujakimaliza, au kama wewe ni mpiga gitaa na unataka kichwa chako kivurugwe, chukua Demilich na usinisikilize mimi. Kama umetokea kwa Duma na unachopenda kule ni zile kelele na fujo na ule mshangao wa kusikia sauti ambayo haitakiwi kutoka kwa binadamu, pia Demilich itakushika haraka zaidi, hiyo nakubali, na nilimwambia dogo hivyo hivyo.

Lakini kama hujui bado unapenda nini kwenye deth metali, kama unataka kujua kwa nini watu wazima wenye familia zao bado wanausikiliza huu muziki miaka 30 na zaidi baadaye, kama unataka albamu utakayokaa nayo na sio ya kuwaonyesha marafiki, Demigod. Nespithe ilinishangaza siku ya kwanza na bado naiheshimu sana, ila ikipita miezi sijaisikiliza siikumbuki kwa hamu, naikumbuka kwa heshima. Slumber of Sullen Eyes mimi huwa naikumbuka kwa hamu, mvua ikianza tu kunyesha jioni umeme ukikatika, kitu cha kwanza kuja kichwani ni yale magitaa mawili.

Na kuna jambo la haki hapa. Demilich wameshapata watu wa kuwasemea, bendi kibao za leo zinaiga zile rifu za kujikunja na wanawataja kwa jina. Demigod wanaigwa pia, tena sana, ila mara nyingi aliyeiga hatajwi kuwa kaiga kwa nani, anasifiwa yeye kwa kuwa na hali nzito ya huzuni wakati hiyo hali ilishapikwa Loimaa 1992 na vijana ambao hata gari la kwendea studio sidhani lilikuwa la kwao. Kila mtu mmoja anayeanza na Demigod badala ya kuikuta baada ya miaka kumi, mimi naona ni deni dogo limelipwa.

Ukishaimaliza hiyo usiishie hapo. Kuna Psychostasia ya Adramelech, 1996, nao wa Loimaa, ni kama ndugu wa damu wa Demigod ila wana hasira zaidi. Kuna The Karelian Isthmus ya Amorphis, 1992, kabla hawajaichukua Kalevala, ile tenzi kuu ya Wafini, na kuifanyia albamu 1994 wakawa bendi kubwa. Wengi wanaowajua Amorphis wa leo hawajui kama walianzia kwenye matope yale yale. Hizi mbili zitakusaidia kusikia kwamba Wafini walikuwa na lafudhi yao, polepole, nzito, ya watu waliozoea giza refu la kipupwe.

Dogo kachukua Demigod. Siku mbili hajaonekana, nikadhani haikumwingia. Siku ya tatu kaja usiku, saa nne kasoro, hata salamu hakumaliza, "kaka, ule wimbo wa huko mwisho, ule wa Towards nini, pale katikati wanapopunguza mwendo, wamefanyaje pale?" Tukaingia ndani, tukauweka, nikamwonyesha na gitaa langu lisilotumia umeme pale gitaa la pili linapoingia juu ya la kwanza, tukaurudia mara tano mpaka mke wangu akatuambia tupunguze. Wakati anaondoka nikamwekea Nespithe kwenye fleshi. Nimemwambia aanze nayo Jumamosi asubuhi, akiwa kashalala vizuri.